Khofu ni Shahidi, si Kadhi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baada:

Ndugu zetu, katika darsa yetu ya baada ya Isha pana suali ambalo halikosi kuletwa kila matokeo ya mitihani yanapotoka. Mzee huja na mwanawe, na mkononi ana barua ya chuo cha nchi ya mbali: cha Misri au Madina, cha Uturuki au Malaysia, cha India au Uchina. Kijana ataka kwenda. Baba hajui la kusema. Mama amekwisha kukataa. Na katika jamaa hapakosi ami mwenye sauti kubwa asemaye, "Mauti ni popote, mwacheni mtoto aende," na shangazi amjibuye, "Mauti ni popote, lakini hatuyafuati yaliko." Kisha wote hutugeukia sisi, na kila mmoja adhani kwamba dini iko upande wake.

Suali lenyewe ni hili: Je, ni haki ya mzazi kumzuia mwanawe asisafiri kutafuta ilimu kwa kuwa amkhofia? Na je, ni haki yake kumpeleka ilhali ajua kwamba huko aendako pana khatari? Twataka kulipima leo kwa utulivu, kwani tumeona watu wakilijibu kwa njia mbili, zote mbaya. Na sisi wenyewe tuliwahi kuwa katika hao.

Yafaa basi tuanze na kosa letu. Mwaka 2022 alitujia bibi mmoja mjane wa mtaani kwetu. Mwanawe alikuwa amepata nafasi katika chuo kimoja cha Khartoum, nchi ya Sudan. Akatwambia, "Sheikh, moyo wangu wasita. Nasikia huko jeshi limetwaa serikali." Nasi tulimjibu kwa wepesi. Tulimweleza fadhila za kutafuta ilimu, tukamwambia amtegemee Mungu, tukaona tumemtoa shaka. Hatukumwuliza hata suali moja, wala hatukumwuliza mtu mwingine yeyote. Kijana akaenda. Tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, majeshi mawili ya nchi ile yakaanza kupigana ndani ya mji mkuu wenyewe. Siku nane bibi yule hakupata khabari za mwanawe. Kila baada ya Alasiri alikuja akaketi barazani petu. Hakusema neno, wala hakutulaumu. Lau angalitulaumu, ingalikuwa nyepesi kwetu.

Kijana alirudi salama, kwa fadhila za Mwenyezi Mungu. Lakini kurudi kwake salama si dalili kwamba shauri letu lilikuwa jema. Shauri hupimwa kwa yale yaliyokuwa yakijulikana siku lilipotolewa, si kwa yaliyotokea baadaye. Na siku ile yako mengi yaliyokuwa yakijulikana, ila sisi hatukuyauliza.

Hilo ndilo kosa la kwanza: kuuita uvivu wa kuuliza kwa jina la tawakuli. Kila msomaji aijua hadithi aliyoipokea Imamu Tirmidhi, ya yule mtu aliyemwuliza Mtume s.a.w. kama amfunge ngamia wake kisha ategemee, au amwache kisha ategemee. Akaamriwa amfunge kwanza. Sote twaijua na sote twaisimulia, lakini katika jambo la mwana tumekuwa wazembe kuliko yule mtu katika jambo la ngamia. Yeye angalau aliuliza.

Na Sayyidna Umar r.a. alipokuwa akienda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akapata khabari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Hakusema kwamba mauti ni popote. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, wakakhitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakawa na shauri moja, la kurudi. Akaamua kurudi. Abu Ubaida r.a. alipomwuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwamba waikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye pande mbili, upande mmoja wa majani na mmoja mkavu, naye popote alishapo, alisha kwa kadari. Angalieni, ndugu zetu, jinsi Khalifa alivyofanya. Hakutosheka na khofu yake, wala hakutosheka na ushujaa wake. Aliuliza mara tatu, kwa watu namna tatu, kisha ndipo akakata shauri.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya ile kauli ipendwayo mimbarini, ya kutafuta ilimu hata Uchina. Wanazuoni wa hadithi wamesema isnadi yake ni dhaifu, na Ibnul Jauzi ameitia katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Utukufu wa ilimu una dalili zake zilizo sahihi, wala hauhitaji kuegemezwa kwenye mti uliooza. Na aliye na dalili dhaifu mkononi asimpeleke kwayo mwana wa mtu mwisho wa dunia.

Wako pia watukumbushao wazee wetu. Husema: Je, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, waliokufa Unguja mwaka 1925, si walivuka bahari mpaka Hadhramaut na Makka kutafuta ilimu, na chombo cha zama zile ni jahazi? Ni kweli, na laiti si safari za watu kama hao, madrasa zetu zingalikuwa masikini. Lakini tuchunge tusijidanganye. Majina tuyajuayo ni ya waliofika wakarudi. Waliozama njiani hawakuandika vitabu wala hawakufungua madrasa, kwa hivyo hatuwakumbuki. Mwenye kuwahesabu waliofika peke yao ataona kwamba bahari haina mawimbi.

Kosa la pili ni la yule asemaye, "Maadamu pana khatari, haendi." Huyu naye ameiondoa khofu katika mahali pake. Khofu ni shahidi. Huja mbele yetu na khabari, na khabari yake yaweza kuwa ya kweli, yaweza kuwa ya kuzidishwa, yaweza kuwa ya jana. Kadhi mwadilifu hamfukuzi shahidi mlangoni, wala haondoki kitini akamwachia shahidi akate hukumu. Humwuliza: Uliona kwa macho yako au ulisikia? Lini? Wapi? Ndipo ashikapo kalamu.

Na shahidi huyu ana kombo moja tulijualo: cha mbali hukikuza, cha karibu hakioni. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, na wengi wao mno ni wanafunzi. Hawakuwa wamevuka mpaka wa nchi yao. Mwezi wa Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la skuli ya Kyanguli, Machakos. Na mwezi wa Septemba 2024 wengine 21 katika bweni la skuli moja ya Nyeri. Ni wangapi katika sisi, tulipowapeleka watoto wetu bweni, tuliuliza kama madirisha yana nondo, na kama mlango wa pili wafunguka? Hatukuuliza, kwa kuwa pale ni kwetu. Moto hauulizi mtu ni wa wapi.

Tena kuzuia nako kuna khasara yake, ila khasara hiyo haina kelele. Kijana aliyeuawa ugenini hutangazwa na redio. Kijana aliyezuiliwa, akaketi maskani mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, mpaka unga ukamfikia hapo hapo alipo, hatangazwi na mtu. Na pwani yetu yamjua vizuri. Hatusemi hivi ili kumkebehi mama mwenye khofu. Khofu ya mzazi ni rehema aliyotiwa moyoni na Mola wake. Twasema tu kwamba rehema hiyo ina macho mafupi, na kazi ya akili ni kuionesha njia.

Mafakihi wetu wa Kishafi hawakutuacha gizani katika jambo hili. Katika zama zao njia iliyokhofiwa mno ni bahari. Wakalijadili suali la mtu asiye na njia ya kwenda Hija ila kwa bahari: je, yampasa kupanda chombo? Imamu Nawawi katika Minhaji ameipa nguvu kauli ya kwamba yampasa, ikiwa ghalibu ni kusalimika. Yazingatieni maneno hayo machache. Hakungoja mpaka pasiwe na khatari kabisa, kwani bahari ya namna hiyo haijaumbwa. Wala hakusema kwamba Hija ni nguzo, basi mtu na apande kwa hali yoyote. Ameifunga hukumu na ghalibu, yaani lile liwapatalo watu wengi wapitao njia ile katika wakati ule. Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa haya. Nahodha ajua kwamba bahari ya kaskazi siyo bahari ya kusi inapochacha. Maji ni yale yale, lakini hukumu ni mbili.

Na ikiwa hivyo ndivyo ilivyopimwa nguzo ya dini, basi safari ya chuo yastahiki zaidi kupimwa. Kwa hivyo kila mzazi aliyeletewa barua na amhoji shahidi wake masuali manne.

La kwanza: Khabari hii imetoka kwa nani? Nchi ni pana. Pengine vita viko katika jimbo moja na chuo kiko katika jimbo jingine, mbali kuliko Mombasa na Kisumu. Pengine ni kinyume chake, nchi yasifiwa amani na mtaa wa chuo wajulikana kwa wizi wa usiku. Aulizwe mwanafunzi aliyeko huko sasa, si aliyerudi miaka kumi iliyopita. Wala asiulizwe wakala alipwaye kwa kila kichwa akipelekacho, kwani huyo ana maslaha katika ushahidi wake, na ushahidi wa namna hiyo twajua jinsi ulivyo.

La pili: Khatari yenyewe ni ya namna gani? Iko khatari ya vita, nayo aghalabu hutanguliwa na dalili. Iko ya maradhi, nayo huja kwa ghafula. Mwaka 2020 wanafunzi wa Kenya walikuwa katika mji wa Wuhan, Uchina, ulipofungwa kwa sababu ya korona, na hapana baba aliyeweza kulijua hilo kabla. Lakini iko khatari ya tatu tusiyoikhofu inavyotakikana, nayo ni hadaa. Mwaka 2022 vijana wa Kenya walikuwa katika watu walioitwa Thailand kwa ahadi za kazi nzuri, kisha wakajikuta wamefungiwa nchini Myanmar, wakilazimishwa kuibia watu kwa simu na tarakilishi. Mwaka 2024 waandishi wa khabari walifichua kwamba wasichana wa nchi kadha za Afrika, Kenya ikiwamo, waliitwa Urusi kwa maneno ya kazi pamoja na masomo, kumbe walitiwa katika kiwanda cha kuunganisha ndege za vita zisizo na rubani. Hawa hawakupatwa na bomu. Walipatwa na karatasi yenye mhuri. Basi chuo na kitafutwe katika orodha ya serikali ya nchi yake, na mamlaka ya hapa kwetu iulizwe kama shahada yake yatambulikana, kabla ya kulipwa hata shilingi moja. Na atakayekuharakisha ulipe leo kabla ya kesho, mjue kwamba huyo ameikhofia kesho kwa sababu kesho utakuwa umekwisha kuuliza.

La tatu: Ikitokea, mlango wa kutokea uko wapi? Vita vya Sudan vilipozuka, uwanja wa ndege wa Khartoum ulikuwa katika mahali pa mwanzo kupigwa. Watu walitoka kwa njia ya nchi kavu, wengine mpaka Port Sudan na kutoka hapo kwa meli mpaka Jiddah, wengine mpaka mipaka ya Misri na Uhabeshi. Na mwezi wa Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa huko walikimbilia mipaka ya Poland, Hungary na Romania; na wengi walilalamika kwamba walirudishwa nyuma ya safu kwa sababu ya rangi zao, hata Umoja wa Afrika ukatoa tamko kulikanya jambo hilo. Mafunzo yake ni mepesi, wala hayahitaji utajiri mwingi. Pasi ya safari na ikae mkononi mwa kijana mwenyewe, isiwekwe na mwenye nyumba wala wakala. Jina lake na liandikishwe katika ubalozi wetu siku za mwanzo afikapo. Nauli ya kurudi na iwekwe kando, isiguswe kwa karo wala kwa arusi ya mtu. Na pawe na siku maalumu ya juma ya kusemezana na nyumbani, ili ikipita kimya ijulikane. Hii ndiyo kamba ya ngamia.

La nne: Kiendewacho chastahiki? Ikiwa masomo yale yale yako Kilifi katika Chuo Kikuu cha Pwani, au hapa Mombasa katika Chuo Kikuu cha Ufundi, basi hata khatari ndogo ya ugenini yatosha kuishinda mizani, kwani kilichobaki upande wa pili ni fahari tu ya kusema mwanangu yuko ng'ambo. Lakini ikiwa ni ilimu isiyopatikana hapa, au ya mabingwa ambao hatuna mfano wao, basi hiyo ni faradhi ya kifaya; mji wote waihitaji, na mmoja akiitwaa amewaondolea dhambi wengine. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Tauba, aya ya 122, amebainisha kwamba haiwi waumini kutoka wote, bali kila kundi litoe watu wa kwenda kujifunza dini, kisha warudi kuwaonya wenzao. Aya hii ina waendao na ina wabakiao, na ina kurudi. Si kila kijana ni wa kwenda. Wala si halali mji mzima kubaki.

Labda mtu atauliza: Mama akikataa baada ya haya yote? Imamu Nawawi amesema kwamba vita vya jihadi ni haramu kwa mtu ila kwa idhini ya wazee wake, lakini safari ya kujifunza ilimu ya faradhi ya lazima haihitaji idhini hiyo, na hata ya kifaya katika kauli iliyo sahihi zaidi. Wenye kushereheka maneno yake wameizungumza sharti ya usalama, kwa hivyo kijana asiyakamate maneno haya kama panga. Kile ambacho sharia haikukulazimisha kukiomba, adabu yaweza kukulazimisha. Tusisahau kwamba Imamu Shafi mwenyewe alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra, akafiliwa na baba akiwa mdogo, na aliyemchukua kwenda naye Makka ni mama yake. Yule mama hakukosa khofu. Alipima, akaona ipi khofu kubwa: ya njia, au ya mwana kupotea mbali na watu wake na ilimu yao.

Na juu ya mabinti hatuna budi kusema wazi. Ikhtilafu ya wanazuoni katika safari ya mwanamke yajulikana. Katika madhehebu yetu wameruhusu safari ya Hija ya faradhi pamoja na wanawake wenye kuaminika, na wengine wamekaza zaidi; kila mtu na amfuate amwaminiye. Tusilolikubali ni hili: kutaja usalama midomoni na hali moyoni tumeweka "watu watasemaje". Twafika hospitali na wake zetu twadai mganga mwanamke, na akikosekana twakasirika. Huyo mganga twataka azaliwe na nani na asomeshwe wapi? Kama kila nyumba imefunga mlango wake, basi twadai mabinti wa watu wengine wabebe khatari ambayo wetu tumewaepusha. Binti na apimiwe kwa masuali yale yale manne, na zaidi yake aulizwe atakaa wapi na pamoja na nani. Jawabu likiwa jema, khofu ya maneno ya watu haina ushahidi unaosikizwa.

Limebaki moja, nalo latuhusu sisi sote. Mji ukiwa wapokea manufaa ya mwenye kusafiri, yaupasa ubebe nao sehemu ya khatari yake. Kijana anapopanda ndege twamsomea dua na twapiga picha. Akirudi na shahada twamwandalia walima. Lakini akirudi katikati, amekimbia vita na mkoba mmoja, twamwuliza nini? Kijana yule wa Khartoum alirudi bila ya shahada. Kila alipopita barazani aliulizwa, "Umemaliza?" Akawa hatoki nyumbani ila gizani. Mwenzake aliyebaki hapa alikuwa mbele yake mwaka mzima, na hapana aliyemwambia kwamba hakushindwa. Sisi tuliomtuma kwa maneno mepesi ndio tuliokuwa na deni, na tulichelewa kulilipa. Mwishowe jamaa wa darsa walichanga karo, naye akaanza tena mwaka wa kwanza katika chuo cha hapa hapa pwani.

Basi juzi walipokuja mzee na mkewe na barua yao, hatukuwaambia aende wala asiende. Tulimwita kijana huyo, tukamketisha kando yetu. Baba akaanza kuuliza juu ya karo na cheti. Kijana alimsikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia mwana wa watu, mwenye barua, akamwuliza, "Pasi yako utaiweka wapi?" Yule hakuwa na jawabu. Mama yake akakaa vizuri kitini, na kwa mara ya kwanza usiku ule akaanza kuuliza badala ya kukataa. Waliondoka saa nne, hawajakata shauri. Tumewaambia warudi baada ya juma, na majibu manne.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu waliosafiri na waliobaki, na atupe sisi wazee akili ya kuuliza kabla ya kunena. Wabillahi taufiki.